Ramani ya T1 au T2 imegoma, au imetoka na namba za ajabu? Pita dalili moja moja hapa

Wakuu, hii ni kwa wanaochakata MRI ya vipimo, yani ile ambayo haiishii kukupa picha nyeusi na nyeupe, inakupa namba yenye kipimo chake: T1 (muda wa usumaku wa tishu kurudi hali yake) kwa milisekunde, T2 (muda wa ishara kufifia) kwa milisekunde, MTR (uwiano wa uhamisho wa usumaku) kwa asilimia na kadhalika. Matatizo wanayoleta watu yanajirudia mno, ndo maana nimeyapanga kwa dalili, na kwenye kila dalili nimeanza na chanzo kinachotokea mara nyingi nikashuka hadi kile cha nadra, alafu nimesema wapi uache kugusa umwite mwenye kazi yake.

Programu ninazozungumzia zote ni za bure: dcm2niix ya kugeuza DICOM (mafaili yanavyotoka kwenye skana) kuwa NIfTI (mafaili ya kuchakata), qMRLab ya kufiti ramani, yani kukokotoa namba ya kila sehemu kutoka picha kadhaa (leseni yake ni MIT, inakimbia kwenye MATLAB au Octave), hMRI inayokaa ndani ya SPM (programu ya picha za ubongo), MRtrix3 kwa upande wa difusheni (MRI ya mwendo wa maji ndani ya tishu), na FSL ya kupanga na kukagua picha za ubongo, ambayo kodi yake unaisoma ila matumizi ya kibiashara yanadai leseni.

Kabla ya yote lieleweke hili. Programu ikigoma na kukumwagia maandishi mekundu, hiyo ni afadhali, angalau umejua kuna shida. Inayotisha ni ramani iliyotoka safi, rangi zimekaa vizuri, kila mtu anaisifia, kumbe namba ziko nje kwa asilimia 20. Hapo hakuna maandishi mekundu, na namba hiyo inaingia kwenye tasnifu au kwenye jedwali la wagonjwa. Kwaiyo dalili ya kwanza na ya pili nitazipita haraka, ya tatu na ya nne ndo nitakaa nazo.

DALILI: "Command not found", au programu haifunguki kabisa

Mara nyingi programu umeiweka vizuri ila terminali haijui iko wapi. Funga terminali, fungua upya, andika `echo $FSLDIR`. Ikirudi tupu, mistari ya FSL haijaingia kwenye faili la mipangilio ya sheli yako, na kwenye Mac za sasa faili hilo ni `.zprofile` au `.zshrc`, wengi wanahangaika na `.bashrc` ambayo Mac yenyewe haiisomi. Kama uko Windows, FSL inahitaji WSL (Linux inayokimbia ndani ya Windows), usipoteze jioni nzima kutafuta faili la kubofya.

Kinachofuata kwa wingi ni jina la folda lenye nafasi. Folda inaitwa "Data za MRI mpya", skripti inasoma "Data" inaishia hapo. Ondoa nafasi, ondoa mabano, weka data kwenye folda fupi karibu na mwanzo wa diski.

Kwenye qMRLab ukiwa na Octave, dirisha la kubofya usilitegemee, fanya kazi kwa skripti. Kila ukifungua Octave kimbiza `startup` ndani ya folda ya qMRLab na upakie vifurushi vyake (`pkg load optim`, vivyo hivyo `struct`, `io`, `statistics`, `image`). Ukiwa na MATLAB alafu inalalamika kuhusu `lsqcurvefit`, umekosa Optimization Toolbox, hakuna ujanja mwingine, aidha uipate au uhamie Octave au kontena la Docker (kifurushi chenye programu na kila inachohitaji). Na kwa wa SPM12: haisomi `.nii.gz`, fungua kwanza kwa `gunzip`. Hili dogo limeshaliza watu wengi.

DALILI: dcm2niix imetoa mafaili pungufu, au mengi yasiyoeleweka

Angalia kwanza kama folda ya matokeo ipo, maana dcm2niix haikuundii, inakataa tu. Komandi ninayopenda ni `dcm2niix -z y -b y -f %p_%s -o matokeo dicom`, jina la faili linabeba jina la protokali na namba ya mfululizo, hutachanganya.

Mafaili yenye `_e1`, `_e2`, `_e3` si makosa, ni eko zako (picha za nyakati tofauti baada ya mpigo) zimetenganishwa. Yenye `_ph` ni fezi (pembe ya ishara), siyo magnitudo (ukubwa wake). Ukiingiza fezi kwenye kufiti T2 ukidhani ni eko ya kawaida utapata takataka, na programu haitakuambia kitu.

Mafaili yakipungua, hesabu. Slaisi 60 mara eko 8 ni picha 480. Ukikuta 431 basi kunakili kutoka kwenye CD kuliishia njiani au PACS (hifadhi ya picha ya hospitali) haikutuma zote. Ukikuta umepewa JPG, au DICOM ambayo ukiifungua kuna maandishi yamechomwa juu ya picha, hiyo ni picha ya skrini, haifai kwa vipimo hata kidogo, rudi kwa radiografa umwombe kwa adabu atoe mfululizo halisi. Pia kuna data zilizofutwa utambulisho kwa pupa mpaka TR (muda kati ya mipigo) na TE (muda wa eko) zikaondoka nazo. Faili la JSON (maelezo yanayoandamana na picha) litakuja bila `EchoTime`. Hapo ACHA. Usijaze namba kwa kukumbuka protokali ya mwaka jana, omba data upya au omba nakala ya protokali iliyotumika siku ile ile.

DALILI: Ramani imetoka nyeusi yote, au imejaa sifuri na NaN (alama ya "si namba")

Sasa hapa twende taratibu.

Kwanza kabisa, inawezekana ramani ni nzima na ni mwanga tu. Vokseli (kipande kidogo kabisa cha picha) moja pembeni ya fuvu ikitoka na thamani ya milioni, kitazamio kinapanga rangi kuanzia sifuri mpaka milioni, ubongo wote unaonekana mweusi. Ndani ya fsleyes weka mipaka ya kuonyesha kuanzia 0 mpaka 3000 kama ramani ni ya milisekunde, au 0 mpaka 3 kama ni ya sekunde. Nakuhakikishia wengi wanaolia "nyeusi yote" wanaishia hapa hapa.

Kama bado, chanzo cha pili ni vipimo vya muda. DICOM inaandika TR, TE na TI (muda tangu mpigo wa kugeuza usumaku) kwa milisekunde, JSON ya dcm2niix inaandika kwa sekunde, na ndani ya qMRLab kwenyewe mfano wa VFA (T1 kwa pembe tofauti za mpigo) unataka TR kwa sekunde (0.015) wakati mfano wa IR (T1 kwa kugeuza usumaku) unataka TI kwa milisekunde (50, 400, 1100, 2500 hivi). Yani programu moja, tabia mbili. Kwenye VFA ya mstari ulionyooka ukikosea TR, ramani inakuja sura ile ile ila namba zimezidishwa mara 1000, rahisi kugundua. Kwenye IR ni mbaya zaidi, programu inatafuta jibu kwa milisekunde, wewe umempa TI ya 0.05 mpaka 2.5, jibu linaenda kubana kwenye ukingo wa chini na ubongo mzima unatoka na namba moja inayofanana. Ukiona ramani yenye thamani moja kila mahali, fikiria vipimo kabla ya kitu kingine chochote.

Tatu, maski (faili linaloonyesha ubongo uko wapi) na picha havilingani. `fslinfo` kwa picha, `fslinfo` kwa maski, linganisha dim1, dim2, dim3 na pixdim. Kama maski ilitengenezwa kutoka kwenye picha ya T1 ya kawaida ya 1 mm na data yako ni ya 2 mm, lazima uihamishe kwanza, na ukihamisha maski tumia interpolesheni ya jirani wa karibu ili isipate nusu nusu.

Nne, na hili ndo tamu kulitambua, mpangilio wa picha umegeuka. Chukua VFA ya kawaida ya TR 15 ms yenye pembe mbili za flipu (kiasi mpigo unavyoinamisha usumaku), nyuzi 3 na nyuzi 20. Mada nyeupe yenye T1 ya 900 ms, ukipiga hesabu ya mlinganyo wa SPGR (aina ya skani inayotumika kwenye VFA), inatoa ishara kubwa zaidi kwenye nyuzi 20 kuliko nyuzi 3, kama mara 1.5 hivi. Maji ya ubongo yenye T1 ya karibu 4000 ms yanafanya kinyume, kwenye nyuzi 20 yanashuka mpaka karibu nusu. Ukiziunganisha picha kwa mpangilio uliogeuka, yani ya 20 ikakaa nafasi ya 3, haitatoka NaN, itatoka ramani kamili kabisa ila mada nyeupe itasoma karibu 2900 ms na maji yatasoma karibu 660. Ni kama negativu ya filamu ya zamani. Mtu asiyejua anatomia ya MRI anaweza kuipitisha hivi hivi, kwaiyo fungua picha mbili ghafi kabla ya kuunganisha: ile ambayo maji ya ubongo ni meusi na mada nyeupe inang'aa ndo ya pembe kubwa. Ni dakika moja tu.

Na watu wa hMRI, kabla hujasema T1 yako ni 1 na imeharibika, soma jina la faili. hMRI inatoa R1, ambayo ni moja gawanya kwa T1, kwa kila sekunde. R1 ya 1.1 ni T1 ya 909 ms, uko salama.

DALILI: Ramani nzuri, ila namba hazikubaliani na za wengine

Kwenye 3T (sumaku ya tesla 3) tegemea T1 ya mada nyeupe kati ya 800 na 1000 ms hivi, ya kijivu 1200 mpaka 1600, maji ya ubongo juu sana. Kwenye 1.5T zote zinashuka, na kwenye zile skana ndogo za kubebeka za 64 mT T1 inashuka mbali kabisa, kwaiyo swali la kwanza ni je unalinganisha nguvu ya sumaku ile ile? Linaonekana la kitoto lakini uliza.

Ukishajibu hilo, mshukiwa mkuu wa VFA ni B1 (nguvu ya mpigo wa redio inayofika kwenye tishu). Pembe uliyoiandika kwenye konsoli siyo pembe tishu inayopata. Kwenye kichwa ndani ya 3T katikati hupata zaidi ya ulichoomba, pembeni na kwenye tempora hupata pungufu. Na T1 ya VFA inabeba kosa hilo kwa mraba: B1 ikiwa 0.9 bila kusahihishwa, T1 inayosomeka ni kama 0.81 ya kweli, kwaiyo 900 inageuka kuwa 730. Sasa mtu anakuja na ugunduzi kwamba lobi ya tempora ina T1 fupi kuliko katikati ya ubongo, kumbe ni umbo la B1 limechorwa upya kwa jina la T1. Dalili yake ni hiyo hiyo, mabadiliko laini kutoka katikati kwenda pembeni yasiyofuata mipaka ya tishu. Ukiiona, usiendelee bila ramani ya B1.

Alafu ramani ya B1 yenyewe ina mitego. Kuna zinazokuja kama uwiano (1.0 ni sawa sawa), kuna za asilimia (100), na ile ya Siemens ya tfl inakuja kama pembe kwa nyuzi mara 10, yani ukiomba nyuzi 80 utakuta 800 kwenye vokseli. qMRLab inataka uwiano, hMRI inafanya kazi kwa asilimia. Ukimpa qMRLab ramani ya 800 bila kugawa, kila kitu kinaharibika. Chukua vokseli moja katikati ya ubongo, soma namba, jiulize ingepaswa iwe ngapi, gawanya inavyotakiwa. Pia ilainishe, B1 haibadiliki ghafla kutoka vokseli moja kwenda ya jirani, ukiona chenga chenga hiyo ni kelele na utaipanda yote kwenye T1.

Mshukiwa wa pili wengi hawamjui: geini ya kupokea (kiasi skana inavyokuza ishara). Kama skana ilijirekebisha upya kati ya picha ya nyuzi 3 na ya nyuzi 20, picha mbili hazipo kwenye skeli moja. Kwa mfano ule ule wa juu, ya pili ikiwa kubwa kwa asilimia 10 tu, T1 ya 900 inasomeka karibu 790, na inashuka ubongo mzima kwa pamoja, bila umbo lolote la kukushtua. Huwezi kuliona hili kwa macho, inabidi umuulize radiografa kama prisken (marekebisho ya skana kabla ya kupiga picha) ilirudiwa katikati. Ndugu wa karibu wa hili ni namba za skeli ndani ya DICOM za Philips, zinatofautiana kutoka mfululizo hadi mfululizo, dcm2niix inajitahidi (chaguo la `-p y` liache kama lilivyo), ila ukitumia programu nyingine ya kubadilisha angalia hapo.

Wa tatu ni spoiling (kufuta mabaki ya ishara kati ya mipigo) isiyokamilika, na huyu hayuko mikononi mwako. Kama B1 iko sawa, geini iko sawa, vipimo viko sawa, na bado unatofautiana na watu wenye skana ya aina nyingine, ACHA kuchezea skripti. Omba fantomu (chupa za majaribio) yenye thamani zinazojulikana iskaniwe kwa protokali ile ile, na andikeni joto la chumba maana T1 ya fantomu inabadilika na joto. Fantomu nayo ikisoma vibaya, tatizo ni la skana au protokali, hilo ni la mfizikia wa tiba na fundi wa mashine. Usibadilishe kitu kwenye konsoli kwa sababu umesoma mtandaoni kwamba kinasaidia, na usiingie chumba cha sumaku na chupa zako bila radiografa.

DALILI: T2 imetoka ndefu kuliko inavyopaswa

Chora grafu ya vokseli moja ya mada nyeupe, eko zote kwa mpangilio. Usiangalie ramani, angalia grafu. Eko ya pili ikiwa juu ya ya kwanza, hizo ni eko za kuchochewa, zinatokea kwa sababu mipigo ya kurudisha haifiki nyuzi 180 kamili. Hatua nyepesi ni kuiondoa eko ya kwanza, `mono_t2` ya qMRLab ina chaguo hilo. Inapunguza tatizo, haiondoi. Ukitaka namba za kutegemewa fiti kwa mfano wa EPG unaohesabu eko hizo pamoja na B1.

Kama mwanzo wa grafu ni mzuri ila mkia umelala usawa bila kushuka, umefika sakafu ya kelele. Picha za magnitudo hazina namba hasi, kelele inabaki juu ya sifuri, na mstari unaofitiwa unavutwa uwe mrefu. Kata eko za mwisho au ongeza kigezo cha sakafu kwenye fiti, kisha sema kwenye ripoti kwamba umefanya hivyo na umekata ngapi.

DALILI: Kingo zina mistari, au ramani ina pete kuzunguka ubongo

Mtu alitikisika kati ya skani. Pete angavu upande mmoja na nyeusi upande wa pili ndo sura yake. Panga picha zote juu ya moja kwa `flirt -dof 6` kabla ya kufiti, siyo baada. Mistari inayorudia umbo la ukingo kama mawimbi ni Gibbs, na kwa data za difusheni `mrdegibbs` ya MRtrix3 inasaidia ila `dwidenoise` (ya kuondoa kelele) itangulie, ukigeuza mpangilio makadirio ya kelele yanavurugika. Mtu akiwa ametikisika ndani ya skani moja yenyewe, hakuna programu itakayokuokoa, rudia skani kama mtu bado yupo.

DALILI: "Killed", au Docker imekufa na namba 137

Memori imeisha, karibu kila mara. WSL kwa kawaida inachukua nusu tu ya RAM ya mashine, kwaiyo laptopu ya 8 GB inaipa 4. Fungua `.wslconfig`, chini ya `[wsl2]` ongeza mstari wa `memory=`, kisha `wsl --shutdown` na uanze upya. Kabla ya hapo lakini, weka maski, usifiti hewa iliyo nje ya kichwa, unaokoa muda na memori bila kununua kitu. Na data iweke ndani ya mfumo wa Linux wenyewe, ukisoma kutoka `/mnt/c` inakwenda pole pole mpaka unadhani imekwama.

DALILI: Sina hakika kushoto ni kushoto

ACHA kila kitu. Hakuna kukisia. Usigeuze picha kwa mkono, usifute qform wala sform (taarifa za mwelekeo ndani ya NIfTI) ili programu ikubali kukimbia. Rudi kwenye DICOM ya mwanzo, badilisha upya kwa dcm2niix, na kama mgonjwa ana alama inayojulikana upande mmoja, mwombe daktari wa radiolojia aithibitishe kwenye skrini yake na wewe uangalie yako.

Vilevile ukikutana na uvimbe au kitu kisicho cha kawaida kwenye data ya mtu aliyejitolea kwa utafiti, si kazi yako kumwambia, na si kazi yako kukinyamazia. Mpelekee mtafiti mkuu siku hiyo hiyo, afuate utaratibu ulioidhinishwa na kamati ya maadili, daktari wa radiolojia asome. Ramani hizi ni za utafiti, mtu asianzishiwe wala kuachishwa dawa kwa sababu T1 yake ilitoka 1400 kwenye laptopu yako.

Ukienda kuomba msaada kwa watengenezaji, beba: toleo la programu na la mfumo wa kompyuta, komandi nzima uliyoandika, ujumbe wote wa kosa na siyo mstari wa mwisho tu, matokeo ya `fslhd`, JSON iliyoondolewa jina na tarehe za mgonjwa, na namba ya vokseli moja: umeona ngapi, ulitegemea ngapi. Picha ya ubongo wa mtu usiibandike hadharani bila kuondoa sura, uso unaweza kujengwa upya kutoka kwenye MRI ya kichwa.